Tangu Dada Yako Aache Kiti cha Mlangoni

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka huku. Mu wazima wewe na mume wako? Kikohozi cha kichanga kimepungua? Sisi afya tunayo, ila nyumba imepoa.

Nasikia bado unajilaumu kwa kutokuja kumzika dada yako. Usijitese. Ulikuwa umetoka tu kujifungua, na safari ni ndefu. Hakuna aliyekuwekea neno moyoni.

Kazi inanielemea, Shemeji. Dada yako ndiye aliyekaa pale mlangoni, akapokea wateja, akawachekesha, na wapiga soga akawaaga kwa heshima kabla hawajanifikia. Mimi ndani napiga randa, nikidhani wateja wetu ni watu wasio na maneno mengi. Kumbe alikuwa ukuta wangu. Siku hizi sipigi misumari miwili bila kuitwa. Juzi nilikuwa napima mlango wa kabati, jirani akaniita. Niliporudi nikakata ubao mfupi kuliko kipimo, ukaharibika. Nikaamua asubuhi nifunge mlango nifanye kazi, watu niwaone mchana. Wanagonga dirisha.

Wiki iliyopita alikuja yule mama muuza vitambaa, alikuwa safarini miezi yote hii. Akauliza, “Mama hayupo leo?”

Sijui ulimi wangu ulipatwa na nini. Nikajibu, “Ametoka kidogo.”

“Basi ngoja nimsubiri.”

Akakaa kwenye kiti cha dada yako. Nikarudi kwenye randa, nikawa naipitisha tu juu ya ubao uliokwisha kunyooka. Nikiinua macho namwona, anatazama barabarani. Na kwa kitambo, Shemeji, hata mimi nilikuwa namsubiri. Mwisho nikaenda nikamwambia. Alinishika mkono na vumbi lake, tukalia. Kazi ikaishia hapo siku ile.

Binti yetu ameshauri niajiri mtu wa kupokea wateja. Nimekubali, nitamtengenezea kiti kingine.

Lakini wewe ukitaka kupiga simu, usingoje nitoke kazini. Sauti yako na ya dada yako ni moja. Nikiisikia nitaweka msumeno chini.

Nisalimie mume wako, na Mama Mkwe umwambie nitakuja kumtazama. Mungu awatunze, akukuzie mtoto.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Seremala