Televisheni Iliyokalia Kiti cha Baba

Nyumbani kwa Mama,
Uriri, Migori.
9 Agosti 2024

Mpendwa kaka Javan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini u mzima huko Doha, na kwamba lile joto ulilolilalamikia limepungua kidogo. Mgongo nao unaendeleaje? Sisi kule Kisegi hatujambo. Cherehani yangu haipumziki, Baba Liz yuko shambani, na Liz mwenyewe sasa amenipita urefu, wala hanisikii tena nikimtuma dukani. Mama naye ni mzima, ila anakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichonileta Uriri, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungesema mtandao ni mbaya, ukakata. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Magige, mwenzako wa kazini, anamaliza likizo yake kwao Isebania na anapanda ndege Jumapili. Nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi, na akae hapo mpaka uimalize.

Nimekasirika, Javan. Nakwambia mapema usije ukadhani nakutania.

Nilifika hapa Jumanne jioni, nikakuta nyumba ya Mama ina kufuli. Mlango ule tangu tuzaliwe hatujawahi kuuona umefungwa kabla ya watu kulala. Nilizunguka nyuma nikamkuta Mama jikoni, kwenye moshi, amekaa kigodani pamoja na jirani yake Moraa. Walikuwa wakitazama taarifa ya habari kwenye televisheni ya zamani, ile nene yenye kisogo nyuma, iliyopandishwa juu ya gunia la mahindi. Waya wa umeme ulikuwa umetolewa dirishani mwa nyumba na kuburutwa uani katikati ya kuku. Nikamuuliza Mama kulikoni. Akasema nyumba ina mgeni.

Mgeni mwenyewe ni hiyo televisheni uliyomtuma binamu yetu Omanga akununulie huko Rongo. Inchi sitini na tano! Javan, umesahau sebule ya Mama? Ukikaa ukutani ukanyoosha miguu, unagusa meza. Anayetazama kitu kile kwa umbali wa hatua mbili hukiona kidevu cha mtangazaji leo, na paji la uso kesho. Mama alikitazama siku moja tu, shingo ikamuuma mpaka Moraa akamkanda kwa maji moto.

Na sauti je? Mwili mkubwa namna ile, sauti ya mbu. Unajua masikio ya Mama. Ile ya zamani ina spika ya kweli, akiwa uani anasikia bei ya unga imepanda. Ile pia ina kitufe kimoja, anakibonyeza na kazi imekwisha. Hii yako ilipowashwa ilianza kumhoji kama afisa wa uhamiaji. Ilitaka nywila, ikataka mtandao, ikamwomba Mama anwani ya barua pepe. Mama yetu!

Usinielewe vibaya, sizipingi skrini bapa. Kwangu Kisegi ninayo ya inchi ishirini na nne, inatumia sola, haili umeme, na picha yake ni safi. Wala simsifu yule mzee wa kisogo kupita kiasi. Ni mzito kama jiwe la kusagia, na rangi imemharibikia pembeni hata kila waziri anaonekana mgonjwa wa nyongo. Ningekushukuru kwa machozi kama ungenunua ndogo yenye spika nzuri. Lakini wewe hukununulia macho ya Mama. Ulinunulia macho ya majirani.

Sasa ngoja nikueleze ilivyofika hapo ilipofika. Osman mwenye duka alimuuliza Omanga waziwazi kama ukuta wa nyumba ni wa mawe au wa matope, maana kitu kile kinahitaji kuning'inizwa. Omanga akaona haya kusema nyumba ya mamake Javan wa Doha ni ya udongo uliopigwa plasta. Akasema ni mawe matupu. Osman akamwamini, akamwandikia kwenye risiti kwamba anaweza kuirudisha ndani ya siku saba ikiwa nzima.

Omanga akaja na drili ya kuazima. Kutoboa mara ya kwanza tu, drili ikatokea nje kwenye kiota cha kuku, na bonge la udongo la upana wa sinia likaanguka sakafuni. Tundu lipo mpaka leo, nimelizibia gunia. Meza ya Mama nayo ilikuwa fupi. Basi bwana huyu akatazama huku na huku, akavuta kiti cha Baba. Akalaza ubao juu ya mikono ya kiti, akaisimamisha televisheni yako hapo.

Kiti cha Baba, Javan. Kile ambacho wazee walisema siku ya mazishi, mbele ya watu wote, kwamba hakikaliwi na yeyote mpaka wewe, kifungua mimba, utakapokuja ukikalie. Mama hukipangusa kila Jumamosi na kukirudisha palepale, kikitazama mlango.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakukataa. Akaniambia, "Nyathina, mwanangu, ni zawadi ya kaka yako. Nikisema inanisumbua, si ataumia? Wacha tu nikae jikoni." Ndiyo maana anakohoa. Moshi wa kuni, jioni baada ya jioni, ili asikuudhi wewe uliye mbali. Na akina mama waliozoea kuja kusikiliza habari hawaji tena isipokuwa Moraa, kwa sababu Omanga alifunga kufuli na kuwaonya kwamba wezi watasikia. Mama ameachiwa ufunguo shingoni. Amekuwa askari wa televisheni katika nyumba yake mwenyewe.

Hapo bado nilikuwa najizuia. Nilichoshindwa kumeza ni jibu lako ulipoambiwa ukuta umebomoka. Hukuuliza kama Mama aliumia. Ulimwambia Omanga atafute fundi, ukuta wote wa Baba uangushwe, ujengwe wa mawe ili televisheni ipate pa kukaa. Ukuta ule Baba aliukanda kwa miguu yake. Alama za vidole vyake ziko juu ya mlango!

Jana ilikuwa siku ya saba. Asubuhi nilimwita Omanga nikamwambia ailete pikapu. Akaanza, "Priscilla, wewe unaleta mambo ya kizamani. Hii ni smart, watu wa Uriri hawajaona kitu kama hii!" Nikamwambia watu wa Uriri pia hawajaniona mimi nikikasirika, na leo wataona vyote viwili. Akaleta pikapu.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Nimeirudisha. Osman aliikagua kila pembe, akatikisa kichwa, akamwambia Omanga, "Bwana, mimi nilikuuliza ukuta. Haya maneno si ungesema tu ukweli?" Omanga akatazama viatu vyake. Tumechukua ya inchi ishirini na nne na spika yake. Imekaa vizuri juu ya meza, na kitambaa cha Mama cha kufuma juu yake. Kufuli nimelitupa chooni. Jana jioni walikuja akina mama saba, na Mama hakukohoa sana.

Javan, nina neno ambalo sijawahi kukwambia. Siku ya kumzika Baba nilikushikia simu tangu ibada mpaka udongo wa mwisho, ili uone. Mkono uliniuma wiki nzima. Sikukulaumu, kazi yako haikukupa ruhusa. Lakini huu ni mwaka wa tano. Umekwisha kupewa likizo mara mbili, na mara zote mbili umetuma vitu. Mara hii umetuma kitu kikubwa kabisa, na kimekwenda kukaa mahali pako.

Nisalimie Magige baada ya kusoma, maana naamini bado amesimama hapo. Mama anakusalimu, Moraa anakusalimu, Liz na babake wanakusalimu, hata Omanga, ingawa anakwepa kunitazama. Mungu akulinde kazini na akunyooshee njia.

Fedha zilizorudishwa anazo Mama, amezifunga kwenye leso. Nilitaka zitengeneze tundu la ukuta, akakataa. Anasema ni nauli yako. Najua hazitoshi kukutoa Doha mpaka Nairobi. Lakini kutoka Nairobi mpaka kwenye kile kiti, zinatosha.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Priscilla