Ukungu wa Kubonyeza

Morogoro, Juni 2015. Mwaka wa kumi na sita tangu niondoke Tukuyu.

Fundi Sefu, ndugu yangu,

Wameutengeneza upya mchezo wetu. Ule wa bibi mwenye taa, uliokuwa ukituchezesha kwenye banda lako pale Ibighi, gemu upande huu, cherehani upande ule. Wameuchora tena kwa picha safi, na umefika hata huku. Aliyeuleta ni binti yako Zuhura. Alisafiri kutwa nzima kwa basi, mashine ameipakata, akaiunganisha kwenye televisheni yangu kabla hata ya chai. Akasema leo baba mkubwa utamwona bibi yako vizuri.

Nilimwona. Ana kucha, Sefu. Koti lake lina nyuzi zilizochomoka begani. Ungekuwepo ungemsema fundi wake kwa kutopiga overloki. Zamani uso wake ulikuwa vipande vichache vya rangi na macho mawili, na tulimpenda hivyo hivyo.

Lakini wameuondoa ukungu.

Ulipoileta ile mashine ya kwanza kutoka Dar, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa hadi kwenye meza za soko letu, hakuna aliyeweza kusoma maandishi yake. Yalikuwa ya Kijapani. Tulikwenda kwa kubahatisha mpaka tukafika kwenye daraja. Mbele kulikuwa na ukungu mweupe, hatua tatu tu mbele ya bibi huoni kitu. Nasi tukafanya kile ambacho mtu wa Rungwe angefanya: tukamsimamisha bibi chini ya mti, tukasubiri uinuke. Nani anaingia kwenye daraja asiloliona? Wachuma chai wakasema kwa weupe ule utaondoka kwenye saa nne. Mama mmoja wa Isongole aliyeshuka na viazi akautazama, akasema huo ni wa kutwa, akaaga. Tukamaliza birika zima la chai. Wewe ulikuwa kwenye cherehani na masweta yako mawili, mtoto wa Kilwa huko pwani unayeteswa na baridi kila mwaka kama mgeni, ukauliza tunangoja nini. Nikakujibu, mimi karani wa kiwanda cha chai. Ukainuka, ukaninyang'anya pedi ya kuchezea.

"Karani, nyie Wanyakyusa mtazeekea hapo. Ukungu wa ndani ya televisheni mnataka ukaushwe na jua gani?"

Ukamsukuma bibi, akaingia, akatumbukia mtoni. Tulicheka mpaka mabati yakaitika.

Baadaye nilisoma gazetini kwamba mashine zile hazikuwa na nguvu ya kuchora vya mbali, hivyo waundaji wakavifunika kwa ukungu. Nikaja kukueleza. Hukushangaa. Ulisema basi nao kitambaa kiliwapungukia, wakashona walichokuwa nacho.

Halafu shamba la chai likauzwa. Unakumbuka, nami siwezi kuacha kukumbuka. Sisi wa kiwandani tukaambiwa nyumba za laini, zile za wafanyakazi, si zetu tena, na tukatoa vitanda nje mvua ya Aprili ikinyesha. Sikuwa na pa kumpeleka mke wangu, Mama Lusajo, na watoto. Ukafunga biashara, ukaisogeza cherehani ukutani, ukatuingiza bandani familia tatu. Watoto walikuwa wanalia. Ukawawashia gemu, na pedi ukampa yeye Mama Lusajo, ambaye hata redio yangu alikuwa haigusi.

Alimvusha. Alimbananisha bibi na ukingo wa daraja, akaenda naye taratibu, kama unavyopita shambani ukungu ukishuka, unashika mgomba huu, unashika na ule. Hakuna aliyesema tusubiri. Hatukuwa tena na mti wa kusimama chini yake. Bibi alipokanyaga ng'ambo, umeme ukakatika, na kadi ya kuhifadhi mchezo hatukuwa nayo. Watoto wakataka kujua ng'ambo kuna nini. Ukawaambia kuna mji, una taa kila dirisha, na milango yake haina funguo. Wakalala.

Sasa nimeona ng'ambo kuna nini. Daraja lenyewe ni fupi, Sefu. Mto hata magotini haufiki. Na ukishavuka ni uwanja mtupu, mti mmoja umechorwa, ukarudiwa, ukarudiwa.

Zuhura hakuja kwa ajili ya gemu peke yake. Siku hizi ni msimamizi pale shambani. Zile nyumba za laini zimekarabatiwa, zimekuwa nyumba za wageni. Alinionyesha picha kwenye simu. Jiko la Mama Lusajo limekuwa bafu la vigae. Migomba ya nyuma imekatwa ili mgeni aone mpaka bondeni. Wanataka mzee mmoja wa zamani, apewe chumba, jioni awasimulie wageni mambo ya chai. Zuhura akanitaja mimi.

"Baba mkubwa, nyumba yenu imerudi," akasema. "Rudi na wewe."

Aliyasema kwa mapenzi, na kwa muda nilikuwa nimekubali. Nilishauona ule wekundu wa njia, nikasikia harufu ya majani yakikaushwa. Nikabaki nikilitazama daraja kwenye televisheni. Akadhani nasikitikia picha ya zamani, akacheka, akaniambia nisihuzunike, ukungu nao upo. Akabonyeza kitufe. Ukungu ukashuka darajani, ule ule. Akabonyeza, ukaondoka. Akabonyeza, ukarudi. Alifurahi kama anayenipa zawadi.

Hapo nikajiona nitakavyokuwa kule. Mgeni akichoka kutazama mbali, anabonyeza, mzee anatokea. Anasema ndaga, asante ya kwetu, anasimulia kidogo, anazimwa.

Nikamwambia siendi. Mama Lusajo, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua hata macho. Alisema yeye hajawahi kuoga jikoni kwake na haanzi leo. Zuhura aliumia. Akaniuliza, na sauti yake ilikuwa yako kabisa:

"Kwa hiyo unamsusia na baba? Kaburi lake utaliona lini?"

Ameondoka bila jibu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Jibu ni hili. Wewe hukunikuta kaburini. Ulinikuta kwenye mvua, ukanifungulia. Siwezi kuja kusimama juu ya udongo wako nikiwa nimevaa kitambulisho cha waliotutoa, kisha jioni nikawachekeshe wageni mahali mke wangu alipojifungulia. Ungenitazama na masweta yako mawili na usingesema kitu, na hilo ndilo nisingelivumilia. Kama ni kususa, nimesusa. Nimezeeka, magoti hayafai, hiki kimoja bado nakiweza.

Na mji wako siuachi. Waliochora uwanja ule hawakulala bandani kwako. Mimi nililala.

Ile CD uliyonipa siku naondoka ninayo. Nakuahidi nitatafuta mashine ya kizamani, Mama Lusajo atamvusha tena bibi, kwenye ukungu usio na kitufe. Na Zuhura ni mwanangu, mlango huu ni wake. Wageni wake wakitaka simulizi, awalete hapa Morogoro. Nitaanzia kwenye ile mvua, na nitawataja wote waliotolewa vitanda nje, jina kwa jina.

Pumzika, Fundi. Ndaga fijo kwa lile banda.

Tukuyu sitarudi.