Mbao za Paa la Shule

Didia, Agosti

Kaka Yasini,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mahindi yameshaingia ndani, na Mama anakula vizuri, ila macho bado yanamsumbua. Tunasikia duka lako la Katoro limekua, Mungu azidishe.

Lori lako limefika na mbao za paa la shule. Tangu uliposhinda ile zabuni ya halmashauri niliwaomba wanakijiji wanitoe kwenye kamati ya mapokezi, maana mtu hamkagui kaka yake. Wakacheka, wakasema walinichagua kwa sababu simwonei mtu haya. Sasa wanakamati wenzangu wanasimama mbali na mbao zako na kuniambia, "Mama Chausiku, wewe ukizipokea, na sisi tumezipokea."

Mbao ni mbichi, kaka. Nyingine zimeshaanza kupinda. Nikizikataa, nimekuvua nguo mbele ya kijiji kizima. Nikizipokea, Chausiku wangu ndiye atakayesomea chini yake. Na ile hela ya soda nimemrudishia dereva wako, usinitumie tena.

Jana Mama aliomba nimpeleke akaone kazi ya mwanawe. Alizipapasa mbao huku akikuombea dua. Kisha akajifuta kiganja kwenye kanga, akaniuliza, "Kwani mvua imenyesha?"

Tangu Mei hatujaona hata wingu.

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."

Mdogo wako anayekusubiri urudi na lori,
Zuhra