Siku Ulipowageuzia Wageni Laptop

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Kigamboni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga mie na Idrisa. Jana nilikuwa Mtoni kwa mama, na sebuleni kwako kulitokea jambo ambalo natamani ungeliona. Lakini siwezi kulieleza kabla sijaanza na yale ya nyuma, maana moja bila jingine halitakuwa na uzito.

Unakumbuka uliporudi kutoka hospitali. Wewe ulikuwa mshereheshaji, mtu wa kushika maiki kwenye harusi za Mtoni nzima, na daktari alikuwa amekuondolea uvimbe pamoja na sehemu yote ya koo inayotoa sauti. Shingoni ulibaki na tundu la kupumulia, ambalo mama alilifunika kwa kitambaa cheupe. Midomo ilicheza, hakikutoka kitu. Wageni waliokuja kukupa pole walipaza sauti kana kwamba umepoteza masikio, na wewe uligeuza uso ukatazama ukuta.

Baba mdogo Shomari ndiye aliyetushikilia siku zile, na sitaki kumnyima haki yake. Alitoka Gongo la Mboto kila asubuhi. Alikuogesha, alikubadilishia kitambaa, alikushika mkono ulipokohoa mpaka macho yakakutoka. Kwa kuwa ni mdogo wako wa tumbo moja na mmekua pamoja, aliisoma midomo yako kuliko sisi, basi sote tukawa tunamgeukia yeye atutafsirie. Kaka anasema ana kiu. Kaka anasema mlango ufungwe. Na kweli ulikuwa na kiu, na kweli ulitaka mlango ufungwe.

Sijui ni lini hasa mambo yalianza kwenda kombo. Siku moja kaka anasema Rukia, mdogo wangu, asimamishe chuo cha uuguzi kwanza. Siku nyingine kaka anasema spika za kazi ziuzwe. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilipokuja kuzichukua ulitoka ndani na msuli kiunoni, ukapiga ukuta kwa kiganja. Ukaomba karatasi, ukaandika. Baba mdogo akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akamwambia dereva kwamba umesema wazibebe kwa uangalifu. Mama hakuwa na miwani yake. Mie nilikuwa kazini. Rukia ndiye aliyenisimulia.

Kisha akatangaza kwamba umekubali niolewe na mshirika wake wa biashara ya mbao.

Wewe, mama na mie tulijua kwamba kabla hujaumwa ulishamkubalia Idrisa, fundi wa mafriji. Nilikuja kukuuliza, baba mdogo akiwa amekaa pembeni ya kitanda. Ulitikisa kichwa kwa nguvu hadi kitambaa kikaanguka. Akanishika bega, akanitoa nje taratibu.

"Usimchoshe," aliniambia. "Hicho ni kidonda kinamuuma."

Nilimwogopa, baba. Hakuwa mkali. Nilimwogopa kwa sababu alionekana anaamini anachokisema.

Simu ulishaijaribu ikakushinda. Dawa zilikutetemesha mikono, kidole kimoja kiligusa herufi tatu kwa mpigo, na maandishi yenyewe yalikuwa madogo, ya kusomwa na mtu mmoja tu aliyekuinamia. Tulijua mtu huyo ni nani. Mie nilikuwa nachapa kazi za watu pale steshenari, barabara ya Kilwa, kwa hiyo nilijua unachohitaji: vitufe vya kubonyeza kweli, na herufi za kusomwa na chumba kizima.

Nikaenda Kariakoo na akiba yangu ya harusi. Muuzaji akanionyesha mashine kubwa kubwa, akinisifia kwamba zinahariri hadi video. Nikamwambia nataka ya mgonjwa, ataiweka mapajani, wakati mwingine kifuani akiwa amelala. Akapanda kwenye kistuli, akashusha laptop ndogo ya mtumba, ya plastiki ya kijivu, imechubuka pembeni na bado ina gundi ya stika iliyobanduliwa. Alisema ni aina wanayopewa watoto wa shule huko nje.

"Nisikudanganye dada, hii haina mbio," alisema. "Ukiipa kazi mbili inaanza kuwaza. Ila chaji inakaa, na ni nyepesi."

Niliishika kwa mkono mmoja, kama sinia. Nikachapa jina lako palepale, nikakuza herufi mpaka zikajaa kioo, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Nikalisoma.

Ulivyoipokea sitasahau. Uliigeuza huku na huku, ukaipima uzito, ukaniangalia. Ukaanza kutafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Mama, Rukia na mie tulisubiri. Ukaandika: "Mimi si kiziwi. Acheni kunipigia kelele." Mama alicheka, kisha akajifunika uso kwa kanga. Ulipomaliza kumtazama ukaandika tena: "Spika zangu ziko wapi?"

Tulikubaliana baba mdogo asijue kwanza. Ulifanya mazoezi kila alipoondoka, ukaifahamu mashine na tabia zake, jinsi inavyosita, jinsi kitufe cha nafasi kinavyotaka kubonyezwa katikati. Mama aliificha kabatini, chini ya mashuka.

Ikafika Jumapili ile. Baba mdogo alikuja baada ya swala ya alasiri na wazee wawili wa upande wa mshirika wake, pamoja na shehe wa msikiti wetu ili awe shahidi wa maneno. Walikaa sebuleni. Ulitoka chumbani umevaa kanzu, laptop umeibana kwapani, ukaketi ukaifungua. Baba mdogo aliitazama, kisha akanitazama mie niliyesimama penye pazia la mlango.

Alianza kuongea. Kaka amenituma niwapokee, kaka anasema amefurahi. Wewe ulibonyeza kitufe cha kuwashia, na mashine, kati ya siku zote, ikaamua kujisasisha. Kile kiduara kikawa kinazunguka. Baba mdogo aliendelea: kaka anaona harusi isicheleweshwe. Wazee wakaitikia. Kiduara kinazunguka. Niliona jasho likikutoka juu ya mdomo, nikaona na mkono wako ukiinuka, kiganja wazi, kumwelekea mdogo wako. Akanyamaza, nadhani kwa mshangao. Chumba kizima kikabaki kinasikiliza pumzi yako ikipita kwenye kitambaa.

Mashine iliamka. Uliandika. Baba mdogo akanyoosha mkono.

"Lete kaka, niwasomee."

Ukaishika kwa mikono miwili, ukaivuta kifuani, kisha ukawageuzia wageni mwenyewe. "Binti yangu nimeshampa Idrisa. Nilimpa kwa mdomo wangu nilipokuwa na sauti. Shomari simjui aliyemtuma."

Wazee walisoma wakainamisha vichwa. Shehe alisoma mara ya pili. Baba mdogo uso ulimbadilika, na alichosema ndicho kilichonikata maini. Alisema mashine yoyote inaandikwa na yeyote. Alisema huyu binti kazi yake ni kuchapa, hayo maneno keshayaweka humo tangu asubuhi, kaka ni mgonjwa, anabonyeza tu anachoelekezwa.

Nikataka kujibu. Shehe alinitangulia, akaniomba nitoke nje, na Rukia pia. Tukakaa uani karibu na ndoo za maji. Kutoka ndani tulisikia vitufe tu. Kimoja, kimya kirefu, kimoja tena. Rukia alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Nilijua ukichoka huwa unafunga macho na kuacha, na nilijua ukiacha, basi.

Mama alinieleza baadaye. Shehe alifuta kila kilichokuwa kwenye kioo, akasogeza kiti karibu yako, akakuambia uandike upya unachotaka, wote wakiangalia vidole vyako. Hukurudia yale ya kwanza. Uliandika: "Shomari, ulinibeba mgongoni usiku ule hadi kwenye gari la hospitali. Sijasahau na sitasahau. Lakini mtoto ni wangu."

Shehe akamuuliza baba mdogo kama hilo la kubebwa mie nilikuwa nalijua. Baba mdogo akaishia kuitazama ile mashine. Usiku ule mama na sisi tulikuwa msibani Mbagala, nyumbani mlikuwa ninyi wawili tu, na hakuna aliyetusimulia. Wazee wa watu wakainuka, wakaomba radhi, wakasema hawakuambiwa kwamba kuna mwenzao katangulia. Baba mdogo alitoka nyuma yao. Alinipita pale uani bila kunitazama, nami sikumwamkia. Tangu hapo sikumwamkia tena.

Ndoa yangu ilifungwa kwa uwakala uliompa shehe kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Baba mdogo hakuhudhuria. Rukia alirudi chuoni. Halafu ugonjwa ukarudi nao, na mara hii haukutupa nafasi. Wiki yako ya mwisho ulitutuma tumwite baba mdogo. Alipofika ulitutoa chumbani, ukabaki naye na laptop. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na kioo kilikuwa kitupu, umefuta kila kitu. Sijui mliongea nini. Nilikuwa na hasira hata na hilo, kwamba ulimpa maneno ambayo sie hatukuyapata.

Sasa jana. Wewe umeondoka, kaka hatuna, kwa hiyo walii wa Rukia, mwenye haki ya kumwozesha, ni baba mdogo. Alimpigia mama simu kwamba kuna watu wamemposa Rukia na anakuja kuzungumza. Nilivuka daraja kutoka Kigamboni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na hayakuwa mazuri.

Alikuwa amekonda. Alikaa, akakataa maji. Akasema waliokuja ni watu wema, na yeye binafsi angependa, lakini hajawajibu. Kisha akamgeukia Rukia.

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Rukia alinitazama mie. Nilishafungua mdomo nimjibie, baba, maneno yakiwa tayari kwenye ulimi. Nikaufunga.

"Sitaki, baba mdogo," Rukia alisema. "Namalizia chuo kwanza."

Nikasubiri ile hadithi ya nini wewe ungetaka. Baba mdogo akachukua simu, akawapigia wale watu palepale mbele yetu. Aliwaambia binti amekataa. Upande wa pili walisema mengi.

"Hapana," alisema. "Sitamshawishi. Nimemuuliza, amejibu."

Akakata simu, akamuuliza mama kama chai ipo. Mie ndiye niliyeileta. Nilipoinama kumwekea kikombe, nikasema, "Shikamoo, baba mdogo." Akaitikia marahaba bila kuinua macho, na kikombe alikishika kwa mikono yote miwili.

Sijui kama nimemsamehe. Bado nikimtazama naiona kirikuu na zile spika. Ila leo asubuhi alimpitia Rukia na begi lake, akamsindikiza chuoni mwenyewe.

Pumzika, baba. Kwa mama nitarudi Ijumaa.

Ni mie, binti yako mkubwa.