Buti la Bwana Tahadhari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, zenye heshima na hamu ya kukuona. Mgongo umekuachia? Shemeji bado anafanya kazi za zamu? Na yule mpwa wangu, ameshakubali kuvaa viatu au bado anavitupa dirishani? Sisi hapa wazima wa mwili. Mama anakusalimu sana, na ameniamuru niandike kwamba ile miwani uliyomnunulia haijapotea, ila tu hajui iko wapi. Baba sasa anakula kuliko siku zile za msiba, ingawa akimaliza anabaki ameinamia sahani mpaka Mama aje kuiondoa.

Usishangae mwandiko wangu kupanda na kushuka. Meza ninayoandikia ni fupi, inanibidi nikae sakafuni, na ubao wake unacheza. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu mimi hukwepa, na wewe unanijua. Nikiulizwa neno gumu nasema mtandao unakatika.

Kwanza, asante. Tairi jipya ulilotuma limefika jana kwa basi la vifurushi, limezungushiwa magunia hadi dereva akatutania kwamba ametuletea bibi harusi. Baba alilipapasa pande zote, akasema mtoto aliye mbali ameona kuliko walio karibu. Alikuwa anakusifu wewe tu, hakuwa ananipiga kijembe, lakini nilishindwa kubaki pale. Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Pili, leo alasiri Baba amewaita majirani wakubwa wa mtaa waje wakae na Pancha, yule fundi wetu wa matairi, aseme lile tairi la zamani alilipeleka wapi. Asipotoa jibu la kueleweka, Baba anataka aondolewe pale kwenye kona anapofanyia kazi miaka yote tangu sisi tukisoma. Majirani wameshakubali kuja. Hilo ndilo lililonikalisha niandike, na tangu asubuhi nimeshachana karatasi kadhaa.

Dada, wewe ulipoleta gari ukasema Baba asishike tena usukani kwa sababu ya macho yake, ukanikabidhi mimi ufunguo. Nilijiapia kwamba gari hilo halitatuaibisha njiani hata siku moja. Unajua kazi yangu ya ghala: nalipwa kuhakikisha kila kitu kinaingia mahali pake na hakuna nafasi inayopotea. Basi nikaanza kuchagua vifaa kama baba mtarajiwa anayechagua nguo za mtoto. Jeki iliyokuja na gari ilikuwa ile nyembamba ya kukunja, nikaiona haifai kwenye udongo laini, nikanunua ya mafuta, fupi na nene, pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea chini isizame. Nilipoijaribu uani Mama aliniuliza kama nataka kuinua gari au nyumba. Nyaya za kuazimia moto wa betri nilizikataa mara mbili, kwa sababu muuzaji alinionyesha zile nyembamba zinazopata moto na kuyeyuka, mpaka akaenda stoo akanitolea nene. Tochi nilichukua ya kufunga kichwani, maana ukiwa unafungua nati za gurudumu mkono wa kushikia tochi utautoa wapi? Umeme ulipokatika niliivaa nikatembea nayo ndani, Mama akasema anaogopa nisije nikachimba sebule.

Sikuishia hapo. Blanketi, dumu la maji, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuwazindua madereva, bandeji, glavu, kamba ya kuvutia, hata filimbi. Baba aliuliza filimbi ya nini. Nikamweleza kwamba tukitumbukia korongoni mahali tusipoonekana, tutapuliza. Akajibu kwamba akitumbukia korongoni yeye atapiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe, haujaharibika. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bwana Tahadhari, na sitakuficha, nililipenda. Nilivimba kichwa. Kila aliyekuja nyumbani nilimfungulia buti aone.

Pancha naye alikuja kuona. Alikuwa anapita kwetu kila jioni kucheza drafti na Baba, na unajua tabia yake: Baba akigeuza shingo tu, kete moja imeyeyuka. Baba anajua, Pancha anajua kwamba Baba anajua, na nusu ya mchezo wao ilikuwa kupekuana mifuko. Alipoona buti langu aliniuliza kama nafungua zahanati au duka la vifaa vya ujenzi. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Ndipo ujumbe wa Shangazi ulipokuja. Wewe unajua yeye na Baba hawakuwa wakizungumza vizuri tangu ule ugomvi wa nyumba ya Babu. Alisema ugonjwa umemzidi, hataki tena habari za nyumba, anataka kumwona mdogo wake kwa macho yake, aje upesi. Baba aliingia ndani akaanza kupiga viatu rangi. Siku hiyo hiyo Pancha alikagua matairi yote manne, akaziba pancha ya lile la spea, akamwambia Baba huku wakicheza kwamba amelirudisha kwenye buti na kulikaza kwa nati yake. Asubuhi tuliondoka. Baba alivaa lile shati la mistari ulilomletea, na njiani alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinisimulia jinsi Shangazi alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka maji wakienda shule, na siku moja akamwangusha makusudi.

Kilichofuata nilikusimulia kwenye simu, kwa jinsi nilivyotaka kukisimulia. Tairi la nyuma lilichanwa na chuma mahali pasipo na nyumba wala mti. Niliweka pembetatu kwa umbali unaotakiwa, nikamvalisha Baba kizibao cha kung'aa, nikamketisha juu ya dumu la maji kando ya barabara. Jeki ilifanya kazi vizuri sana. Nilikuwa nayo chupa ya povu la kuzibia tundu, nikaipuliza yote, lakini lile halikuwa tundu, ulikuwa mpasuko wa ubavuni, povu likamwagika lote chini. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yamekwisha pita. Dereva wa lori aliyekuwa akirudi upande tuliotoka alisimama kutusaidia. Alitazama buti langu, akasifu kila kitu, kisha akauliza spea iko wapi.

Baba naye alinitazama, akisubiri jibu. Nikasema, kama nilivyokwambia wewe, kwamba nilipopanga vifaa nilikuta lile shimo la spea tupu, nikadhani tairi lingali kwa Pancha. Baba akasimama. Akasema Pancha alimtazama usoni akamwambia amelirudisha. Dereva wa lori akaguna, akasema mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo, akaahidi kututafutia mtu mwenye tairi atakakopita. Alitimiza, lakini ilichukua muda mrefu. Baba alipigiwa simu akiwa bado ameketi juu ya lile dumu, ndani ya kile kizibao. Alisikiliza, akasema amesikia, akanirudishia simu. Shangazi alikuwa amefariki, na binamu yetu aliniambia kwamba mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama gari limefika.

Msibani Baba aliwaambia watu kwamba aliyelichukua tairi lile hakuiba mpira, amemwibia yeye dada yake. Ameyarudia maneno hayo kila mahali tangu turudi. Wewe pia uliyarudia kwenye simu, ukilia, nami nikakuitikia.

Dada, Pancha hakuiba tairi. Liko hapa. Ndilo meza ninayoandikia, nimeliwekea ubao juu na kulifunika kwa kile kitambaa cha Mama cha maua.

Nililitoa mwenyewe, jioni ile ile, Pancha alipokwisha kuondoka. Vifaa vyangu vilikuwa havienei pamoja na mkoba wa Baba, na kuacha hata filimbi nyumbani niliona ni kushindwa. Nikakumbuka lile shimo. Muuzaji aliyeniuzia povu alinihakikishia kwamba mwenye chupa ile spea kwake ni mzigo tu, nami nilimwamini kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Nikafungua nati, nikaliviringisha tairi hadi chumbani, na vitu vyangu vyote vikaingia kwenye shimo lile bila kubaki hata kimoja. Nilisimama nikalifurahia buti langu. Hebu fikiria, nilikuwa na zana zote za kubadilishia tairi, nikaliacha tairi lenyewe nyumbani. Mtoto mdogo asingefanya hivyo. Ni mimi tu na akili zangu za ghala.

Ningelisema pale barabarani, ingekuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Lakini nilimwona Baba ndani ya kizibao nilichomvalisha, nikaona nitakuwa nani machoni pake, nikadanganya. Baada ya simu ile kuja nikashindwa kabisa.

Lililo baya zaidi sijakwambia. Tuliporudi kutoka msibani Pancha alikuja kutoa pole. Baba hakumpa kiti. Alimuuliza habari ya tairi akiwa amesimama mlangoni, na Pancha akaapa kwamba alilifunga kwa mkono wake, tena mimi nilikuwepo, niitwe niulizwe. Mama akaja kuniita. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi lenyewe. Nilitoka, nikatazama miguu yangu, nikasema sikumbuki vizuri.  Pancha akauchukua ubao wake wa drafti uliokuwa chini ya kiti cha Baba, akaenda zake. Siku hizi magari yanapita kona yake bila kusimama. Nikienda kazini nazunguka njia ya nyuma nisimwone.

Naona aibu, Dada. Naona aibu nikila chakula cha Mama, naona aibu Baba akinisifu kwa majirani kwamba mwanawe alikuwa na kila kitu, ni yule mwizi tu. Tairi lako jipya limeegemea ukuta wa sebule na kila nikipita natazama upande mwingine. Ulilinunua kwa uchungu wako juu ya uongo wangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu naona imekuwa ndefu, na wengine wameikanyaga pamoja nami bila kujua.

Dereva wa basi anarudi huko adhuhuri hii. Nitampa barua hii kwanza, ili hata nikiingiwa na woga ukweli uwe umeshapanda basi na nisiweze kuurudisha. Kisha nitaliviringisha tairi hili kwa njia ya mbele, mchana kweupe, wenye macho waone, hadi kwa Pancha. Nikitoka kwake nitamwendea Baba kabla majirani hawajafika. Pancha najua atanitukana, na nitashukuru. Baba sijui. Kumrudishia Shangazi siwezi. Sikuombi unitetee kwake. Nakuomba tu umpigie jioni, kwa sababu atahitaji kuongea na mtoto wake, na huenda asitake niwe mimi.

Mistari hii ya mwisho naiandikia magotini. Meza nimeshaisimamisha mlangoni.

Msalimie Shemeji, na umbusu mpwa wangu kwenye ile miguu yake mitupu. Mungu akulinde, na akikupa nafasi ya kunisamehe siku moja, usiharakishe.

Ni mimi mdogo wako. Lile jina jingine naomba msiniite tena.