Tarehe ya Daftarini

Dada Verlene,

Natumai goti la Mama limepata nafuu na bamia zako zimestawi. Huku tunalishwa maharage siku ya nne mfululizo.

Jaji wa mahakama ya shirikisho amelikataa ombi langu la kupinga kifungo. Nilipewa siku thelathini za kukata rufaa, na leo ndiyo ya mwisho. Asubuhi nilikuwa naitumbukiza bahasha ya rufaa kwenye sanduku la barua za kawaida, mzee Thibodeaux, mfungwa anayetuandikia hati, akanidaka mkono.

"We mwehu nini? Humo mwandikie shangazi yako! Ya mahakama mpe askari mkononi, aitie daftarini. Mahakama huhesabu tarehe ya daftari, si siku barua inapofika; hiyo ndiyo itakayokuokoa."

Nikakimbilia dirisha la askari wa barua. Alikuwa analifunga.

"Miaka kumi na tisa umekaa, leo ndiyo una haraka?" akacheka. Lakini aliandika. Sikubanduka mpaka nilipoiona tarehe kwa macho yangu.

Sasa nisikilize, dada. Katika rufaa nimeeleza kwamba usiku ule wa uhalifu nilikuwa jikoni kwako nikikaanga kambale, na kwamba wakili wangu hakukuita mahakamani. Sikuandika kwamba ulimwambia ulikuwa umelala. Najua ulikuwa unamlinda mumeo, aliyetoka na gari langu usiku huo. Sasa yuko kaburini, hakamatwi tena.

Jina lako liko ukurasa wa pili. Safari hii wakikuuliza, Verlene, uwe macho.

Ni mimi mdogo wako,
Odell