Tonge la Mkono wa Kulia

Mama yetu Yeshimebet,

Mwaka umetimia tangu ututoke, na bado mlango ukisukumwa kwa kishindo tunageuka tukidhani ni wewe unaingia na sufuria. Wanasema siku kama ya leo watu wakae kimya. Thubutu! Wewe na kimya mlijuana lini?

Mji mzima wa Debre Markos ulikula kwako. Nani alipita mbele ya mgahawa wako asisikie, "Wewe kimbaombao, njoo hapa!"? Ulikuwa unatandaza injera, ule mkate wetu mpana na laini, unamwaga mchuzi, na kabla mtu hajakaa vizuri umeshamtia tonge mdomoni. Kwetu mtu akikupenda anakulisha kwa mkono wake, na wewe ulimpenda hata karani wa kodi.

Kisha nyayo zikaanza kukuwaka moto. Mguu wa kushoto ukalegea, ukawa unaunyanyua juu kama jogoo anayevuka tope. Asubuhi moja mkono wa kulia nao ukaning'inia kuanzia kifundo, kikombe cha kahawa kikaanguka. Daktari akatueleza kwamba mishipa yako ya damu imevimba, kwa hiyo mishipa ya fahamu haipati chakula. Ukacheka mpaka ukashika mbavu.

"Makubwa haya! Muuza chakula mzima, ndani yangu kuna njaa!"

Vidonge vikakuvimbisha uso. Ziko siku ulilia kwa maumivu, hatutaficha. Ukaunguza vidole jikoni usihisi chochote, ukajua kwa harufu. Tukakunyang'anya jiko, na hilo lilikuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Ikaja harusi yangu mimi, Tiruwork, ninayeandika haya kwa niaba ya wote. Mama wa bibi harusi ndiye wa kumlisha mkwe tonge la kwanza, koo zote mbili zikitazama. Tukapanga chini chini Mama mdogo Bizunesh akufanyie kazi hiyo. Ukasikia. Lo!

"Nani kawaambia nimekufa?"

"Dada, basi tumia huo wa kushoto," Mama mdogo akasema.

"Kushoto! Nimlishe mtoto wa watu kwa kushoto, kwao waseme tumewatukana? Toka hapa!"

Ukaenda kwa fundi viatu, akakushonea mkanda wa ngozi wa kuzuia kifundo cha mkono kisianguke. Maskini Baba ndiye aliyefanyiwa mazoezi. Kila jioni mchuzi kwenye masharubu, mchuzi kwenye koti.

"Mke wangu, mdomo uko hapa!"

"Basi usiutikise!"

Siku ikafika, Mama! Ukasimama na nguo yako nyeupe, ukapiga hatua zile za jogoo hadi kwa Dagnachew, bwana harusi wangu. Ngoma ikanyamaza. Ukakata injera, ukachota mchuzi wa kuku, ukainua. Pwaa! Tonge lote kifuani kwa bwana harusi, juu ya nguo nyeupe. Shangazi zake wakatazamana. Mimi nikafumba macho. Mama mdogo akainuka.

"Kaa chini, Bizunesh!"

Ukakata tonge la pili. Vidole havikuwa na habari kama vimeshika kitu au havijashika, basi ukalikodolea macho njia nzima, kana kwamba ungepepesa tu lingetoroka. Dagnachew akakunja magoti, akapanua mdomo. Likaingia! Likaingia na vidole vyako vyote!

"Umening'ata wewe?"

"Kidogo, Mama. Nisamehe."

"Sijasikia kitu! Ng'ata tena!"

Vigelegele hivyo! Shangazi zake ndio waliovianza. Baba alikuwa anaruka kama kijana, anapiga kelele, "Huyo ni mke wangu! Huyo ni mke wangu!" Nawe hukukaa tena. Ukawalisha wakwe, ukawalisha wapiga ngoma, ukamlisha padri aliyekuwa anakataa kwa mikono miwili. Matonge mengine yalianguka, ukacheka, ukakata mengine. Hatujawahi kukuona na furaha kama ile.

Mimi ulinifikia wa mwisho. Mkanda ulikuwa umelowa mchuzi. Ukanilisha, ukabaki umeacha vidole mdomoni mwangu, kwa sababu hukuweza kuihisi midomo ya mwanao.

"Limefika?" ukaniuliza.

Nilitikisa kichwa tu kukubali, machozi yananitoka, mdomo umejaa. Sikukujibu.

Limefika, Mama. Limefika.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Ayalneh, dada yako Bizunesh, mkweo Dagnachew, mimi mwanao Tiruwork, na wote wa Debre Markos waliokula mkononi mwako. Maisha yetu yote hatutakusahau.